Kilpeck: kanisa la kijiji lililookolewa na umaskini

Chini ya ukingo wa paa la kanisa moja dogo huko Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega. Mbwa ana macho ya mviringo na masikio yaliyolala. Sungura yuko ubavuni mwake, ametulia kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Wamechongwa kwenye jiwe moja, na wamekuwa wakitazama chini kwa pamoja tangu mwaka 1140 au karibu na hapo. Kazi ya jiwe lile ni kubeba ukingo wa paa, basi. Fundi angeliacha likiwa kipande cha mraba, paa lisingelalamika.

Kanisa hilo ni la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Daudi, katika kijiji cha Kilpeck, kilomita 14 hivi kutoka mji wa Hereford ukielekea mpaka wa Wales. Wageni wanaofika kwenye makumbusho yetu, wakijua kwamba kazi yetu ni kuhifadhi majengo ya kale, hutuuliza zaidi juu ya makanisa makuu ya Ulaya, yale yenye minara ya kutoboa mawingu. Mimi huwatolea michoro ya Kilpeck. Kanisa kuu lilijengwa na askofu, mfalme na fedha za nchi nzima, na kulisoma kunataka maisha mazima. Kanisa la parokia ni saizi ya kusomeka: unaona nani alilipa, fundi aliona nini alipokuwa safarini, na hata fedha zilipokatika zilikatikia wapi. Kilpeck fedha zilikatika mapema, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu leo tuna kitu cha kutazama.

Tuanze na neno lenyewe, parokia, ambalo Walutheri wa kwetu wangeliita usharika. Kufikia mwaka 1300, Uingereza ilikuwa na parokia zipatazo 9,000. Mtu alizaliwa ndani ya parokia, akabatizwa humo, akaoa humo, akazikwa humo, na katikati ya hayo yote akalipa humo. Zaka haikuwa hiari. Mganda wa kumi wa ngano ulikuwa wa kanisa, mwanakondoo wa kumi vilevile, na hata mayai, asali na sufu vilihesabiwa. Aliyepokea zaka kubwa, ile ya nafaka, aliitwa rekta. Mara nyingi rekta alikuwa padre wa hapo hapo. Lakini mara nyingi pia alikuwa abasia iliyo mbali, yenye watawa ambao wanakijiji hawakuwahi kuwaona. Abasia ikichukua zaka kubwa, ilimweka kijijini kasisi wa kuishi na zaka ndogondogo, naye akaitwa vikari, neno la Kilatini lenye maana ya kaimu. Kwa hiyo ukisikia leo Waingereza wakimwita kasisi wao "vikari", ujue wanamwita kaimu, ingawa mwenye nafasi aliondoka karne nyingi zilizopita.

Kilpeck iliingia katika utaratibu huo mwaka 1134, pale bwana wa eneo hilo, Hugh, alipolikabidhi kanisa kwa abasia ya Mtakatifu Petro ya Gloucester. Familia yake ilikuwa ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliopata ardhi hapo baada ya uvamizi wa mwaka 1066, na ilisimamia misitu ya mfalme katika sehemu hizo. Ngome yao ilikuwa nyuma ya kanisa, upande wa magharibi, juu ya kilima cha kuchimbwa kwa mikono. Kilima kipo hadi leo, na juu yake kuna vipande viwili vya ukuta vilivyobaki. Kanisa, ngome na kijiji vilikaa pamoja kama mafiga.

Sasa hili la nani alipe nini liliandikwa kwenye jengo lenyewe, na ndipo wanafunzi wangu huinua vichwa. Katika karne ya 13 desturi ilikwisha kukaa imara: sehemu ya altare ilikuwa jukumu la rekta, na ukumbi wa waumini ulikuwa jukumu la wanaparokia. Yaani paa moja, wenyewe wawili. Ndiyo maana katika makanisa mengi ya Uingereza unakuta ukumbi mpana uliojengwa upya kwa fahari, wenye madirisha makubwa, kisha nyuma yake kasehemu ka altare kadogo, ka zamani, kama kibanda kilichoegeshwa kwenye ghorofa. Wanakijiji walichanga, rekta alibana mkono.

Desturi hiyo haikufa na Zama za Kati. Abasia zilipovunjwa na Mfalme Henry VIII kati ya 1536 na 1540, mashamba yao yaliuzwa pamoja na haki zake na madeni yake, na deni la kutengeneza sehemu ya altare likaifuata ardhi kutoka mnunuzi hadi mnunuzi. Mwaka 2003 shauri la kanisa la Aston Cantlow, Warwickshire, lilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, House of Lords. Watu wawili waliorithi shamba waliambiwa kwamba, kwa kuwa ardhi yao ilibeba wajibu wa rekta wa zamani, wao ndio wa kulipia matengenezo ya upande wa altare. Bili iliishia kuwa zaidi ya pauni 180,000, bila gharama za mawakili. Nikisimulia kisa hiki mbele ya watu wenye migogoro ya viwanja, ukumbi wote hunyamaza.

Turudi Kilpeck, tuingie ndani. Jengo ni vyumba vitatu vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia: ukumbi wa waumini upande wa magharibi, kisha sehemu ya altare, kisha upande wa mashariki kabisa ukuta unazunguka na kufanya nusu duara. Anayejua misikiti ya kale ya pwani yetu atalielewa umbo hilo mara moja, kwa kuwa kibla nacho huchomoza nje ya ukuta namna hiyo, kikimwonyesha mtu pa kuelekea hata kabla hajaambiwa. Kanisa la Zama za Kati lilielekea mashariki, jua linakochomoza. Kila kitu ndani yake kinasukuma jicho huko: vyumba vinapungua, mwanga unapungua, matao yanabana. Waliojenga makanisa ya mwanzo ya misheni Afrika Mashariki walilijua umbo hili tangu utotoni mwao. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873, nalo linaishia kwa nusu duara nyuma ya altare.

Usidhani kwamba wanakijiji wa mwaka 1140 walikaa kwenye mabenchi. Mabenchi yalianza kuenea katika makanisa ya Uingereza baadaye sana, kuelekea mwisho wa Zama za Kati. Watu walisimama au walipiga magoti sakafuni, na wazee waliochoka waliegemea ukuta. Misa iliendeshwa kwa Kilatini, mbali nao, upande wa pili wa tao. Kwa mtu asiyejua Kilatini, sehemu kubwa ya ibada ilikuwa ni kutazama.

Ndiyo maana tao hilo la katikati, linalotenganisha waumini na altare, lilipewa nakshi. Kila upande wake kuna watu watatu wembamba waliochongwa mmoja juu ya mwingine, wamesimama kwenye nguzo kama watu waliopandiana mabegani. Ni mitume, mmoja unamtambua kwa ufunguo alioushika, huyo ni Petro. Mavazi yao yana mikunjo ya mistari sambamba, kama kitambaa kilicholowa maji. Ukipita chini ya tao na kuinua uso, unaona dari ya mawe ya ile nusu duara ikiwa imebebwa na mbavu zenye nakshi ya meno ya msumeno, zote zikikutana katikati, na pale zinapokutana pana vichwa vya simba. Chumba ni kidogo kiasi kwamba padre, msaidizi wake na mishumaa michache wangekijaza.

Lakini ndani si ndiko Kilpeck ilikopatia jina. Toka nje, uzunguke hadi upande wa kusini, usimame mbele ya mlango.

Mimi nilipofika mara ya kwanza nilikuwa na daftari, nikidhani nitachora mlango ule kwa nusu saa nimalize. Nilichora nguzo moja tu. Nguzo za nje zimezungukwa na nyoka wenye magamba, mmoja akimeza mkia wa mwenzake, na magamba yamechongwa kimoja kimoja. Kwenye nguzo ya ndani upande wa kushoto kuna askari wawili, mmoja juu na mmoja chini, wamenaswa ndani ya mizabibu inayowazunguka miguu. Wamevaa kofia zilizochongoka na suruali pana zenye mistari, suruali ambazo mtu wa Herefordshire wa siku hizo hakuwa akizivaa kwenda shambani. Upande wa kulia, juu ya nguzo, kuna uso unaotapika majani: mashina mazito yanatoka mdomoni na kupanda juu. Jiwe la nusu duara lililo juu ya mlango, mahali ambapo makanisa mengi ya wakati huo yaliweka Kristo katika utukufu, hapa lina mzabibu tu, wenye vichala vya zabibu, umesimama wima kama mti. Kulizunguka kuna matao mawili ya wanyama: ndege, samaki, majoka, vichwa vinavyomeza vichwa, na wengine wamefungwa ndani ya pete zilizounganishwa kwa mnyororo.

Nilitumia mkono wangu kupima kina cha nakshi bila kuigusa. Sehemu nyingine kidole kingeingia kizima. Jiwe lenyewe ni jiwe la mchanga la huko huko, lenye rangi kati ya nyekundu na kijivu, na ajabu ni kwamba limedumu vizuri kuliko mawe mengi ya aina yake. Wakati ule halikuwa na rangi ya jiwe peke yake. Nakshi za Zama za Kati zilipakwa rangi kali. Sisi tumezoea kuziona zikiwa tupu, tukadhani utupu huo ndio ladha ya wenyewe.

Kisha inua macho ukingoni mwa paa, uanze kutembea. Hapo ndipo yalipo yale mawe ya kubeba ukingo, mbwa na sungura wakiwa miongoni mwao. Kwa mpangilio wa awali yalikuwa 91. Yaliyobaki ni 85. Kulizunguka kanisa zima kwa hatua za kawaida ni jambo la dakika mbili, lakini ukisimama kila jiwe itakuchukua saa nzima. Yupo kondoo wa Pasaka aliyebeba msalaba. Yupo mpiga fidla. Wapo wawili waliokumbatiana, sijui wanacheza dansi au wanapigana mieleka. Wapo nguruwe, kondoo dume, ndege, na mazimwi yanayokula watu yakianzia kichwani. Kwenye ukuta wa magharibi pameongezwa vichwa vikubwa vya joka vinavyochomoza nje, midomo wazi, ndimi zimejikunja, na anayejua meli za Waskandinavia wa kale hatakosa kuzikumbuka.

Na yupo mwanamke. Lazima nimtaje kwa sababu kila mgeni akimfikia huanza kunong'ona. Ana kichwa kikubwa chenye upara, macho ya kutumbua, na kwa mikono miwili anaupanua utupu wake mbele ya kila apitaye. Sanamu za namna hii zinapatikana katika makanisa mengi ya Ireland na Uingereza, na huyu wa Kilpeck ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi. Wataalamu wamegawanyika: wapo wanaosema ni onyo dhidi ya uzinzi, wapo wanaosema ni kinga ya kufukuza husuda na pepo, wapo wanaomhusisha na uzazi na uchungu wa kujifungua. Mwaka 1842, George Robert Lewis, mchoraji aliyechapisha michoro ya kanisa hili jiwe kwa jiwe, alipofika kwa mama huyu aliamua kwamba ni mtu mpumbavu aliyejipasua kifua ili kuonyesha moyo wake. Michoro yake ni mizuri na tunaitegemea mpaka leo. Ufafanuzi huo tunamsamehe.

Mimi naelemea upande wa kinga, lakini bila kung'ang'ania. Ninachokikataa ni ile tabia ya kutafutia kila jiwe fundisho la Biblia. Mwenye kulipa alikuwa mlinzi wa misitu, na juu ya ukuta wake kuna mbwa wa kuwinda, sungura, kulungu, nguruwe. Fundi naye alikuwa na mikono iliyojua kuchekesha. Inatosha kuamini kwamba wawili hao walielewana.

Fundi huyo, au mafundi hao, maana kazi si ya mkono mmoja, hawana majina. Wanahistoria wameona mikono yao katika makanisa mengine ya eneo hilo: kisima cha ubatizo cha Eardisley, kile cha Castle Frome, jiwe la mlango la Brinsop. Kundi lote linaitwa shule ya Herefordshire. Na wale mitume waliopandiana kwenye nguzo wana ndugu zao mbali sana, kwenye mlango wa kusini wa kanisa kuu la Santiago de Compostela, kaskazini magharibi mwa Hispania, ambako mahujaji wa Ulaya yote walikuwa wakienda kwa miguu. Njia ya kuwaunganisha inajulikana. Bwana mmoja wa Herefordshire, Oliver de Merlimond, alikwenda kuhiji Santiago katika miaka hiyo, na aliporudi akamaliza kujenga kanisa la Shobdon, karibu kilomita 30 kutoka Kilpeck. Inaelekea katika msafara wake alikuwamo mtu wa kuchonga, aliyerudi na mambo mengi machoni.

Shobdon ndiyo inayonipa ushahidi wa hoja yangu. Kwa nakshi, lilikuwa ndugu wa Kilpeck, na pengine lilikuwa bora zaidi. Lakini Shobdon ilipata matajiri. Katika miaka ya 1750 wenye eneo hilo waliona kanisa la kale ni kuukuu, wakalibomoa, wakajenga jingine la rangi nyeupe na samawati, lenye mapambo kama keki ya harusi. Matao ya kale hawakuyatupa. Waliyapandisha juu ya kilima katika bustani yao yawe pambo la kutazamwa kwa mbali. Yamekaa huko bila paa, mvua na barafu vikiyalamba kwa zaidi ya miaka 250, na leo sura za watu na wanyama zimelainika kama sabuni iliyotumika. Ukitaka kujua Shobdon ilikuwaje, unakwenda Kilpeck.

Hayo ndiyo yaliyoyapata makanisa mengi ya parokia, ingawa si kwa ukatili huo. Kanisa la Zama za Kati halikuwa kitu kinachojengwa kikaisha. Idadi ya watu ikiongezeka, ukuta wa kaskazini unatobolewa matao na kuongezwa ubavu; biashara ikinoga, mnara unapandishwa; mfanyabiashara akihofia roho yake, anajenga kikanisa cha pembeni na kumlipa padre wa kumwombea. Sufu iliitajirisha Uingereza, na sufu ikayala makanisa ya kale. Huko Fairford, Gloucestershire, mfanyabiashara wa sufu John Tame alianza mwishoni mwa karne ya 15 kulijenga upya kanisa karibu lote, na mwanawe Edmund akalimalizia, likapata madirisha 28 ya vioo vya rangi ambayo yamebaki kwa ukamilifu kuliko ya kanisa lingine lolote la parokia nchini humo. Long Melford, Suffolk, wenye viwanda vya nguo waliandikisha majina yao kwenye ukuta wa nje kwa herufi za mawe, wakiomba wapita njia waziombee roho zao. Ni makanisa mazuri mno. Chini yake yamezikwa makanisa mengine ambayo hatutayaona.

Kilpeck haikupata mwenye sufu. Ngome ilikuwa na siku zake. Mfalme John alilala hapo mara kadhaa mwanzoni mwa karne ya 13. Ila mpaka wa Wales ulipotulia, ngome ilikosa kazi. Tauni Kuu ilifika Uingereza mwaka 1348 na kuua kati ya theluthi na nusu ya watu. Kijiji kikasinyaa. Ukisimama leo kaskazini mashariki mwa makaburi, jua likiwa chini, unaona kwenye nyasi matuta na mifereji: ndiyo mitaa na viwanja vya nyumba ambazo hazipo. Watu waliobaki hawakuwa na haja ya ubavu wa kuongeza wala fedha za mnara. Vidirisha vichache vilipanuliwa, kengele zikawekewa kibanda kidogo juu ya ukuta wa magharibi, na zaidi ya hapo jengo liliachwa kama Hugh alivyoliacha.

Mageuzi ya dini ya karne ya 16 yalipita hapa kama yalivyopita kila parokia. Abasia ya Gloucester ilifungwa mwaka 1540. Chini ya mfalme mtoto Edward VI, kuanzia 1547, sanamu ziliondolewa makanisani, altare za mawe zikavunjwa na kuwekwa meza za mbao, na kuta zilizokuwa zimejaa picha zikapakwa chokaa. Watu wengi hudhani chokaa ndiyo iliyoua picha za Zama za Kati. Kwa sehemu kubwa ndiyo iliyozitunza. Huko Pickering, Yorkshire, mafundi walipokwangua kuta mwaka 1852 walikuta ukumbi mzima umechorwa watakatifu na mashahidi. Kasisi wa wakati huo aliona watu watazitazama badala ya kumsikiliza, akaamuru zipakwe chokaa tena, na waliokuja baada yake wakazifunua upya.

Waliookoa nao waliharibu. Kempley, si mbali na Kilpeck, kuna kanisa dogo la Mtakatifu Maria lenye picha za ukutani za karne ya 12, Kristo akiwa juu ya dari ya altare na mitume wakimkodolea macho kutoka pande zote mbili. Zilifunuliwa mwaka 1872, na kwa nia njema kabisa zikapigwa vanishi ili zing'ae na kudumu. Vanishi ikazuia ukuta kupumua, ikageuka rangi, ikazikausha picha ndani ya ganda. Katika miaka ya 1950 wahifadhi walilazimika kuiondoa kidogo kidogo.

Kosa hilo tunalijua sana huku kwetu, ila sisi tunalifanya kwa saruji. Ukuta wa kale, uwe wa jiwe la mchanga la Herefordshire au wa matumbawe ya Kilwa na Lamu, hunywa maji ya mvua na kuyatoa kupitia chokaa iliyo kwenye viungo vyake. Chokaa ni laini kuliko jiwe, nayo ndiyo inayotangulia kuchakaa. Kila baada ya miaka fulani fundi anaikwangua na kuijaza upya, jiwe linabaki zima. Ukijaza saruji, mambo yanageuka. Saruji ni ngumu na haipitishi maji, kwa hiyo maji yanatafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Chumvi inakaukia ndani ya uso wa jiwe, na uso unaanza kumeguka kama maganda ya mkate mkavu. Ulaya ina balaa la ziada, barafu: maji yakiganda ndani ya jiwe hutanuka na kulipasua. Nimeona ukuta wa matumbawe uliopigwa lipu ya saruji ukiwa umebaki lipu tupu, ndani mawe yamegeuka unga. Fundi aliyeipiga aliniambia kwa fahari kwamba hiyo haitatoka. Kweli haikutoka.

Kwa hiyo anayekwenda Kilpeck, na ndugu zetu wengi wanaoishi Birmingham au Bristol wanaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, asiishie kwenye mlango wa kusini, wala kwenye yule mama anayenong'onewa. Kanisa bado ni la parokia na bado lina ibada. Azunguke mpaka upande wa kaskazini, wenye kivuli na nyasi ndefu, ambako wapiga picha hawaendi. Pale pembeni, ukumbi wa waumini unapoishia mashariki, kona ya ukuta imepangwa kwa namna tofauti na kona nyingine zote: jiwe refu limesimamishwa wima, juu yake jiwe fupi limelazwa, kisha refu tena. Hiyo ndiyo kazi ya waashi wa Kisaksoni, watu walioitawala nchi kabla ya Wanormani kufika. Hakuna nakshi, hakuna joka. Ni kona ya kanisa lililokuwapo kabla ya hili, ambayo mafundi wa Hugh waliikuta imesimama wima, wakaona hakuna sababu ya kuibomoa, wakaunganisha ukuta wao mpya hapo hapo.